Mjomba Amemhoji Daktari

Jumanne

Basi nitapasuliwa, niwekewe nyonga ya bandia, na ni hapa hapa Morogoro.

Yule daktari wa Dar ana sifa kubwa, lakini alipokuwa akieleza alimtazama mume wangu tu, kana kwamba nyonga inayosagika miaka yote hii ni yake. Bado inaniudhi. Wa hapa mjini, mama mmoja mpole, aliniuliza, "Kwenu ni Waluguru? Basi njoo na mjomba wako, tuongee mara moja." Alijua kwamba kwetu jambo zito kama hili halipiti bila kaka wa mama.

Leo Mjomba ameshuka kutoka Mgeta, kwetu milimani, na koti lake la kanisani. Hakuuliza habari za damu wala za dawa ya usingizi. Aliuliza, "Atapanda tena mlima?"

"Atapanda, mzee. Ila mzigo kichwani ndiyo basi."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Huyu ndiye." Mimi nikageukia dirishani wasinione nalia.

Nilimkumbuka mama, alfajiri za utotoni tukishuka sokoni, akiwa mbele yangu, tenga la kabichi kichwani, ukungu umemfunika hadi kiunoni, akiimba ili nisiogope utelezi. Tenga langu lilikuwa dogo, la karoti. Shingo iliniuma na nilijiona mtu mzima.

Kisu nakiogopa, sikatai. Lakini kilichoniliza ni...

Miaka sasa sijabeba hata ndoo. Sikujua kwamba bado nilikuwa nasubiri kulibeba lile tenga la mama.