Paipu ya River Road

Uthiru, Alhamisi jioni

Shangazi Peres,

Huku ni mvua tu, na sukuma uliyonipa mbegu zake imeota vizuri. Jirani yangu Ivyne anakuletea barua hii kwa basi la leo.

Kesho asubuhi Zadock wangu anarusha ndege ya tajiri mmoja kuja Kisumu, kisha atapita kukusalimia. Ndege hiyo hupoteza nguvu ikipanda. Mimi fundi wake nimepata sababu: paipu inayopeleka hewa kwenye injini ni ya lori, ilinunuliwa kwenye maduka ya vipuri vya magari ya River Road. Ikipata joto hulainika, injini inaifyonza mpaka paipu inabonyea na kuziba hewa. Ikiwa baridi haina kasoro, kwa hiyo ndege ikiwa chini injini inanguruma vizuri na hakuna anayeniamini.

"Msomi, paipu ni paipu," bosi alisema. Nilipokataa kutia sahihi kwamba ndege ni salama alitia yeye, akaninyang'anya kadi ya kuingilia lango la uwanja.

Zadock alicheka. "Awuor, kwani tukioana utanifungia ndani?"

Nimemsihi hadi sauti imeisha. Sasa hapokei simu.

Akifika, mpikie samaki, umwambie arudi kwa basi. Asipofika, shangazi, usinipigie simu. Njoo mwenyewe.

Mtoto wako,
Awuor