Maili Nane za Fausto

Jumanne, 1 Julai 1997

Naandika hapa ambapo hakuna wa kunibishia: tangu Mungu aanze kazi ya kuumba mikono, mkono wa kushoto kama wangu hajarudia. Alichoka. Nikirusha mpira wa besiboli, mpigaji anasikia upepo tu, anaomba radhi, anarudi kukaa. Na nina miaka kumi na tisa! Shule niliacha darasa la sita. Mwalimu alikuwa hana jipya la kuniambia.

Timu yetu ndiyo ya chini kabisa kwenye ngazi za klabu. Chini yetu kuna udongo. Kamji ka milimani, Virginia, treni ya makaa ya mawe inapita katikati ya mchezo na watu wanaishangilia kuliko sisi. Wa kutoka Jamhuri ya Dominika tuko wawili, mimi na Fausto Brea wa Azua. Mrefu kama nguzo ya simu, masikio kama milango ya gari iliyosahaulika wazi. Anajipiga ishara ya msalaba kabla ya kila mpira. Jina lake hajui kuliandika—siku ya mkataba alilichora.

Tunakaa chumba cha chini kwa Bi Crouse, mjane wa kanisani. Anatupikia nyama ya kusaga iliyookwa ikawa tofali. Fausto anaila na kusema asante. Ndilo neno pekee la Kiingereza analolijua. Mengine yote namsemea mimi. Mimi ndiye ulimi wake, na silipwi.

Ijumaa, 4 Julai

Fataki. Fausto alijificha chini ya benchi. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Jumatatu, 7 Julai

Meneja Haskell katuita wawili. Anatafuna tumbaku na kutema kwenye kikombe, kila sentensi inaisha na mate. Alisema kuna mpigaji anakuja kutoka kwetu, Higüey. Viza za klabu zimejaa. Kwa hiyo mmoja wetu arudi nyumbani kabla mwezi haujaisha. Atakayechagua ni mkaguzi, Bwana Pruett, yule anayezunguka timu zote za chini akiwapa vijana alama. Atasoma karatasi zetu, kisha atakuja mwenyewe.

Nilimtafsiria Fausto yote. Siku hiyo nilitafsiri yote.

Akasema: "Basi ni mimi, kaka. Wewe unajua kuongea nao."

Nikamwambia ndiyo, ajiandae.

Lakini humu ndani tuseme ukweli. Fausto anarusha maili tisini na sita kwa saa. Hajui anavyorusha, kama ng'ombe asivyojua uzito wake. Pruett akiona namba hizo mimi ni wa kurudi Haina kubeba magunia bandarini na baba.

Sasa hizi karatasi. Mrushaji wa kesho ndiye anayekaa nyuma ya wavu leo na bunduki ya spidi, ile inayopima kasi ya mpira. Anaandika kila mpira. Mimi zamu yangu ya kurusha inafuata ya Fausto. Kwa hiyo nani anamwandika Fausto? Ha!

Jumatano, 9 Julai

Bunduki ilisema 95, 96, 96, 94. Kalamu ikasema 87, 88, 88, 86. Maili nane kila mpira, sikumwonea hata mmoja. Wapigaji walikuwa wanachapa hewa, nikaandika pembeni: wapigaji wamechoka, basi limechelewa. Nikatia sahihi yenye mkia.

Haskell hatagundua. Anaamini karatasi kuliko macho yake, na macho yenyewe yako kwenye kikombe.

Fausto kauliza amerusha vipi. Nikamwambia kama bibi anayefukuza kuku. Akacheka. Halafu akarudi uwanjani kufanya mazoezi peke yake.

Jumatatu, 14 Julai

Maili nane tena. Na Haskell amesoma zile za kwanza. Alimsimamisha Fausto mbele ya wote, akasema huu mkono tuliununua tukidhani ni mkono, kumbe ni ufagio. Adhabu: ngazi za uwanja, kupanda na kushuka mara thelathini, saa sita mchana juani.

Nikamtafsiria: arobaini.

Akapanda arobaini. Hakuuliza. Mwisho alitapika karibu na geti. Tuttle, mdakaji wetu mnene ambaye hata ngazi moja inamtisha, alicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Jioni Fausto kaniachia kipande chake cha keki, eti nimekuwa nahangaika sana kumsemea.

Nimekila. Kilikuwa kizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Pruett! Mwembamba, kofia ya ukindu, daftari kwenye goti. Humo mna alama za kila kijana, ishirini mpaka themanini. Ishirini ni kama hujazaliwa. Themanini mji wako unakujengea sanamu. Kuna mstari wa mkono, wa miguu, wa macho, na wa mwisho wa moyo.

Na akaketi wapi? Ubavuni mwangu! Ana bunduki yake mwenyewe. Kalamu yangu haikuwa na pa kujificha, ikabidi iandike kweli. Fausto alijua ni siku yake. 97. 97. 98. Mdakaji alikuwa anatikisa mkono kila akidaka.

Pruett akafungua karatasi zangu za nyuma. 88, 87, 88. Akatazama bunduki yake. Akatazama karatasi. Jasho lilinishuka mgongoni mpaka kwenye soksi. Nikajua nimekwisha, nikaanza kutafuta uongo.

Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Fausto.

"Kwa hiyo huyu anarusha mkubwa akiwepo tu," akasema. "Wewe unaishi naye, kijana. Ni mvivu?"

Sikutafuta tena. Alikuwa ameuleta mwenyewe, umefungwa vizuri.

"Anapenda kulala," nikasema.

Akaandika. Nimeona kwa macho yangu. Mkono: sabini. Moyo: ishirini.

Fausto anaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kukimbia.

Jumapili, 20 Julai

Siku yangu. Nimepigwa, mipira yangu imepaa uwanja mzima. Sitaki kuandika nimepigwa kiasi gani. Bunduki ya Pruett: 88. Namba ile ile niliyomgawia Fausto. Sikuwa nimeibuni, ni ile ninayoifahamu vizuri.

Nilitabasamu wakati wote. Moyo: sitini.

Jumanne, 22 Julai

Ofisini. Haskell, Pruett, sisi wawili. Fausto anaondoka, mimi nabaki! Nimetafsiri. Hata robo saa haikufika. Fausto kawapa wote mkono.

Tuttle anasema sasa atamcheka nani kwenye ngazi. Nikamwambia aanze kuzipanda yeye.

Nabaki. Nabaki. Nabaki.

Jumatano, 23 Julai

Gari linamchukua saa nne. Saa tatu na nusu sasa. Fausto amepiga pasi shati jeupe. Amekunja na langu.

Amenijia na karatasi tupu na kalamu. "Niandikie maili zangu, kaka. Wewe ndiye uliyeshika bunduki. Azua kuna mtu wa timu nyingine, akiona namba atanijaribu. Bila namba narudi kwenye ndizi za mjomba."

Ameketi kitandani mwake mbele yangu, mikono magotini. Anadhani ninachoandika hapa ndizo namba zenyewe.

Maneno hajui kusoma, lakini namba anazijua. Nikiandika 88, hakuna atakayemtazama. Nikiandika 96, atakumbuka ngazi na kuuliza alizipanda kwa nini. Nimesema ngoja, nakumbuka.

Mambo yote yalienda sawa isipokuwa moja, na jana sikuliandika. Ofisini Haskell aliuliza kama ana la kusema. Fausto alisema polepole, ili nisipotee: "Mwambie kila siku nimerusha kwa nguvu zote nilizonazo. Kama kuna mpira hata mmoja niliouhurumia, anionyeshe ni upi."

Pruett alikuwa amenyanyua kalamu. Alikuwa anangoja kweli, daftari wazi, kidole kwenye mstari wa mwisho.

Nikawaambia kwa Kiingereza: "Anasema asante."

Fausto akageuka akanitazama. Kisha akawageukia wao, akalisema mwenyewe, lile lile neno.

Ndilo pekee analolijua. Alilisikia kinywani mwangu.