Sanamu Yenye Ilibaki kwa Mama Katungu

Beni, Mulekera, jumamosi asubui

Yaya wangu Kahindo,

Jambo kwako na kwa bote ba nyumba yako kule Butembo. Mugongo inasemaje? Samaki ya Kyavinyonge yenye ulituma na dereva ilifika muzuri. Majirani balinusa harufu, bakakuja kutusalimia bote mara moja, unabajua. Wasingya, aksanti sana, yaya. Kwa mwili tuko wazima. Mais kwa roho niko na woga, na sitakuficha, juu wewe dada yangu mukubwa njo ulinilea, na ulinionaka nikikimbia ata bata ya jirani.

Unajua balinichagua mukubwa wa shirika, zile jamaa za mutaa zenye zinasali pamoja. Sanamu yetu ya Mama Maria ilikuwaka inazunguka nyumba kwa nyumba kila alhamisi. Desturi ni ile ya kwenu: nyumba yenye imepokea sanamu haiiache peke yake, mupaka mukubwa wa shirika akuje mwenyewe kuibeba.

Basi, wakati adui, bale ba pori benye banaua batu, balianza kuonekana tena kando ya mashamba, mimi njo nilisema tusizunguke tena. Tukutane kwa Papa Kakule, mufanyabiashara, kwake kuko ukuta na mulango ya chuma. Nilisema ni sécurité. Bote balipiga mikono. Yaya, ilikuwa woga yangu tu.

Ndani ya ule ukuta tulipotea. Alhamisi ya kwanza tulisali. Ya pili tulisali mbio mbio, tukaanza kuzungumuza pagne, kitenge ya fête, ile sikukuu ya paruasi, ikuwe ya bulu ao ya kijani. Kisha bamama bakakosana juu ya nani atabeba bendera mbele. Bagonjwa, bajane, batu benye balikimbia vijiji, hakuna mwenye aliuliza habari yao. Na mimi mukubwa niko pale na kalamu, naandika rangi ya pagne.

Siku moja kazi yangu ya useremala ilinipitisha kwa Mama Katungu, mujane wa nyumba ya mwisho mbele ya mashamba. Alikuwa ametandika kitambaa nyeupe juu ya meza.

"Mukubwa, zamu yangu ilipita," alisema. "Nilipika kahawa, nikangoja. Nilizania munanikasirikia."

"Hapana, mama. Ilikuwa mvua," nilijibu.

Mvua! Mutu wa kulima unamudanganya juu ya mvua! Alinitazama tu, akanipa kahawa. Haya ilinikamata mupaka kwa mifupa.

Donc alhamisi hii nilibeba sanamu kwake, saa tisa ya muchana. Batu bane tu balinifuata. Tulikuwa katikati ya rozari, masasi ya bunduki ikalia upande wa mashamba. Yaya, nilikimbia. Hapana wa pili, wa kwanza. Niliruka lupango, ule ua wa miti, kama mbuzi, kiatu moja ikabaki. Sanamu ilibaki. Na Mama Katungu alibaki, magoti yake haiwezi kukimbia.

Batu ba upande ule bote balihamia Bungulu. Jana comité ilikutana, na Papa Kakule akaniambia: "Mukubwa, fête njo hii, na sanamu yetu itapotea. Ufanye nguvu uilete."

Hapo motard mumoja, mutu wa pikipiki mwenye alipita kule, akasema: "Yule mama iko pale pale. Nilimwambia apande nimubebe bure, akakatala. Anasema hawezi kuacha mugeni wa shirika peke yake, mukubwa hajafika kumuchukua."

Kisha Papa Kakule akauliza: "Kumbe sanamu iko salama?"

Damu ilinipanda, nusura nimutukane. Mais nikajiuliza, alijifunza wapi kusema vile? Kwangu. Mimi njo niliingiza batu ndani ya ukuta, nikabafundisha kuchunga vitu. Mukubwa akigeuza uso, bote banageuza naye, na hakuna mwenye anasikia kama amegeuka.

Basoda ba serikali banasema njia imetulia leo. Alhamisi balisema vile vile. Motard iko inje ananingoja anipeleke kwa Mama Katungu. Bibi yangu anafua nguo zenye alikwisha kufua.

Unisalimie shemeji, na batoto bako, na mama-mukwe wako mwenye anacheka sana, na ule katekista muzee mwenye alinifundisha kusoma. Nikichelewa kurudi, umusikilize bibi yangu, umukaribishe kwako na batoto.

Papa Kakule alinipa kitambaa na kamba ya kufungia sanamu. Juu ya pikipiki tutakuwa batatu: motard, Mama Katungu katikati, mimi nyuma namushika. Nafasi ingine hakuna. Nikifika nitamwambia: mama, mukubwa amekuja, zamu yako imeisha, panda. Akiniuliza nani atabaki na sanamu, nitamujibu: hakuna mutu.

Mudogo wako mwenye anaogopa na anaenda,
Kambale