Yaya Kamaldine na Jeep Iliyopata Esansi

Mwaka umezunguka, Yaya Kamaldine, tangu Heri mwenye pikipiki alipoingia uani kwetu hapa Kasongo akichechemea, tope mpaka shingoni. Mama alimtazama mikono. Aliona amebeba viatu vyako, akakaa chini palepale.

Wasiokujua, wanaosoma kumbukumbu hii, wajue kwamba ulikuwa yaya wetu, yaani kaka yetu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Baba Zuberi na Mama Waridi, na ulikuwa asistanti wa kilimo katika chuo cha hapa mjini, mwalimu msaidizi ambaye bado anatafuta diplome yake ya juu.

Ulikuwa mtu wa salamu ndefu. Tukikutuma sabuni tulijua nguo hazitafuliwa siku hiyo, maana kila mlango ulikuwa na mgonjwa wako wa kuulizia. Hukupenda kumkatiza mtu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kazi yako ulinieleza taratibu, tena na tena, kama vile mimi ndiye nitakayekuuliza maswali siku ya kuitetea mbele ya maprofesa.

Kazi yenyewe ilikuwa mihogo. Kule Kabambare, upande wa Lusangi, watu wanachimbua muhogo ambao majani yake yangali mabichi, wanakuta ndani umekuwa kahawia, mgumu kama kizibo, haufai hata kwa nguruwe. Wewe ulitaka kujua ni mbegu ipi inayovumilia. Uliwagawia wakulima miche, na kila msimu ilibidi urudi kuchimbua na kulinganisha. Ulisema ukikosa msimu mmoja, misimu yote ya nyuma imekufa.

Ulikuwa unarudi na gunia la mihogo mibovu, unalimwaga barazani. Mama anatoka ameziba pua.

“Kamaldine, wenzako wanatoka Kabambare na mbuzi. Weye unaniletea uozo!”

“Mama, hii ndiyo diplome yangu.”

“Basi diplome yako inanuka. Itoe kwenye nyumba ya watu.”

Halafu ni yeye huyo huyo anayekutafutia kisu cha kuikatia.

Nani alilipa safari hizo? Baba aliuza mbuzi wake mmoja mmoja, mpaka kamba zikabaki zinaning'inia mtini. Mimi nilikaanga mikate kando ya njia kila asubuhi, na moshi wake ndio uliokupeleka Lusangi. Ibrahim, mdogo wetu, alishuka Salamabila kuchimba dhahabu akasema anakwenda kutafuta maisha, kumbe anatafuta maisha ya mihogo yako. Hata chakula cha maprofesa siku ya kutetea ni familia inayopika, ndiyo desturi yao, kwa hiyo Mama alianza mapema kufuga bata.

Na chuo? Siku moja nilikuuliza, ile pesa ya utafiti ambayo kila mwanafunzi anatozwa akijiandikisha, inakwenda wapi? Ulicheka mpaka ukakohoa.

“Aicha, ile pesa nayo iko inafanya utafiti. Iliingia porini, haijarudi.”

Hukuwaomba pesa tena. Uliwaomba jeep tu. Kila mara Raphaël, katibu wao, alikujibu kwa upole: “Esansi hakuna, asistanti. Ungoje kidogo.” Ulingoja hiyo petroli yao. Jeep ilikuwa imesimama chini ya paa lake, kuku wanatagia chini ya matairi.

Safari ile ya mwisho mvua ilikuwa haijakatika. Baba alikuambia, “Ungoje njia ikauke, mwanangu.” Ukamjibu kwamba wakulima wana njaa, watachimbua mihogo waile, na wewe utakuta mashimo. Ukapanda nyuma ya Heri. Mlifika, ukachimbua, ukajaza gunia, ukafunga viatu vyako vya tope kwenye pikipiki. Wakati wa kurudi, kwenye lile daraja la magogo, gurudumu liliteleza. Heri aliteguka mguu. Wewe ulianguka na gunia lako limefungwa mgongoni, na mto ulikuwa umejaa.

Siku ile, Yaya, esansi ilipatikana.

Jeep ilikwenda kukuleta. Tangi lilijaa mpaka dereva alijisifu. Ndiyo mara yako ya kwanza kupanda jeep ya chuo, na ulipandishwa umelala. Baadaye ikarudi tena na maprofesa, na maua, na sanduku la mbao nzuri zilizopigwa vanishi. Wewe ulifundisha kwao miaka yote hiyo, ukitoka katikati ya vipindi kwenda kuswali, na hakuna aliyejua kwamba mtu wa kwetu anazikwa kwa sanda. Sanduku lilibaki ukutani, halina mwenyewe.

Mkubwa wao alisimama akasema: “Tumempoteza mtafiti ambaye chuo chetu kilimshika mkono siku zote.” Mama alikuwa amejifunika mtandio. Tuliokaa karibu tulimsikia: “Mkono gani? Ule wa kusukuma?”

Walikula vizuri. Waliwala wale bata.

Tunataka ujue kazi yako haijazikwa. Marcelline, mwanafunzi wako, Mubangubangu, mwenyeji wa Kabambare, ndiye aliyeishika. Baba alilipasua lile sanduku, na juu ya mbao zake Marcelline anaanika vipande vya mihogo hapa barazani. Tukihesabu kila kitu ambacho chuo kilitoa kwa utafiti wako, ni mbao hizo. Na hawajui kama walizitoa.

Sasa msimu umefika tena na Marcelline ameomba jeep. Jibu unalijua. Lakini juma hili Raphaël amekuja kutuambia kwamba wakubwa watafika kwa kumbukumbu yako, na jeep, na maua. Mama akamwambia: “Baba Raphaël, maua muache. Ile esansi mumupe mutoto Marcelline aende Lusangi.”

Raphaël aliinamisha kichwa. Si mtu mbaya. “Mama, esansi ya matanga na ya kumbukumbu iko na mstari wake kwenye bajeti. Ya utafiti, mstari wake uko mtupu. Haturuhusiwi kuvusha.”

“Kwa hiyo mutu afe kwanza?”

Alimaliza chai yake akaaga.

Basi, Yaya, tumeamua, na tunaliandika hapa ili lisomwe. Kisomo chako cha Kurani kitakuwa leo nyumbani, baada ya alasiri. Wote wanakaribishwa, na watu wa chuo pia; mlango wa Baba haufungiwi mgeni. Lakini jeep wampe Marcelline, iondoke leo hii, kabla mvua haijaharibu njia. Wao waje kwa miguu. Kutoka chuoni mpaka kwetu si mbali. Wewe uliutembea mwendo huo kila siku, na viatu vyako bado viko hapa mlangoni, watavikuta.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi.

Wanaokukumbuka ni baba yako Zuberi, mama yako Waridi, wadogo zako Ibrahim, Chadia na mimi Aicha, Heri ambaye mpaka leo hapiti daraja lile bila kushuka, na Marcelline.

Tutakukumbuka daima, Yaya, kila msimu wa kuchimbua mihogo.