Mtoto Aliyezikwa Bila Kengele

Mbeya,
20 Juni 1976

Kaka yangu Yotamu,

Nakusalimu wewe, wifi Kalista na watoto wote hapo Mlandege. Je, kile kikohozi cha mtoto mdogo kimetulia? Sisi huku tunaamka na tunakula, ingawa baridi ya mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa. Mama hajambo kwa mwili. Habari za moyo wake utazipata humu.

Umeniuliza kama ni kweli, kama ulivyoambiwa na Anyitike aliposimamisha lori lake la viazi pale Ipogolo, kwamba Mama ametengwa na kanisa. Ni kweli. Umeuliza pia amefanya dhambi gani. Kaka, Mama ametengwa kwa sababu aliomba. Usidhani nakutania.

Chanzo ni mwanamke mmoja, Nyamizi, ambaye wewe humfahamu, maana alikuja baada ya wewe kuhamia huko. Ni Msukuma. Alishuka Usangu na mumewe, Bujiku, wakichunga ng'ombe. Bujiku akafa, na ndugu zake wakataka Nyamizi arithiwe na shemeji yake. Akakataa, akambeba mwanawe Masunga mgongoni, akapanda huku milimani kwa watu asiowajua. Mwanzoni alipika pombe ili wapate kula. Mama alipomwona anavyohangaika akampa chumba kile cha jikoni, wakawa wanalima pamoja, na pombe akaiacha mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Humwita Mama "Mayu", kama wanavyoita mama zao kwao.

Basi akaomba kuingia darasa la ubatizo. Mzee Sedekia, ambaye neno lake ndilo neno la baraza zima la wazee, akamjibu kwamba kwanza arudi Usangu akapatane na wakwe zake, kisha akae muda bila lawama, ndipo wamfikirie. Arudi kwa watu wale wale aliowakimbia! Alipouliza kama basi mtoto peke yake anaweza kubatizwa, akaambiwa mtoto hufuata njia ya mama yake.

Mwezi wa tano surua ilipita hapa kijijini, ikamchukua Masunga. Alikuwa bado ananyonya. Mama alikwenda kuomba kengele ipigwe na kwaya ije. Mzee Sedekia alisema kanisa halina sehemu katika maziko hayo. Sisi wanakwaya tulikuwa tumeshakusanyika njiani, akatukuta akaturudisha. Wengine walirudi. Mimi nilikwenda kaburini. Tulikuwa wachache, majirani waliochimba na sisi wanawake, na udongo ulipokwisha kurudishwa kila mtu akawa anatazama chini, hakuna anayejua la kufanya. Nyamizi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye udongo. Ndipo Mama akapiga magoti, akaomba kwa sauti, akamtaja Masunga kwa jina mbele za Mungu.

Jumapili iliyofuata jina la Mama lilisomwa mbele ya watu wote kwamba amejitwalia kazi isiyo yake na ametetea uasi. Mama yetu, Kaka, aliyefyatua matofali ya jengo lile akiwa na mimba yako! Yeye aliinuka tu, akatoka sehemu ya washiriki, akakaa nyuma.

Sasa sikia yaliyofuata. Mwezi haujaisha, binti yake Mzee Sedekia, Atuganile, akarudishwa kutoka shule ya bweni. Ana mimba, tena imefika siku zake. Alikuwa ameificha kwa kujikaza kanga chini ya sare. Jina la binti huyo unajua maana yake kwa Kinyakyusa, kwamba Mungu ametupenda, na baba aliyempa jina hilo alimfukuza na sanduku lake, akisema nyumba ya mzee wa kanisa haiwezi kuwa na aibu ya namna hiyo. Alikwenda nyumba tatu, kote wakaogopa kumkasirisha baba yake. Mwisho akaja kwa Mama, mtu aliyetengwa, kwa kuwa huko hakukuwa na la kuogopa tena.

Nakwambia ukweli, nilifurahi. Sikumfurahia binti, nilifurahia kumkamata baba yake. Niliyapanga maneno kichwani, nisimame Jumapili niyaseme yote. Nyamizi ndiye aliyenikataza. Aliniambia kwa upole kwamba nikimpiga baba kwa jambo hili, jiwe litampata binti kwanza.

Atuganile alijifungua mtoto wa kike salama, lakini homa ikampanda, akawa anaweweseka, na maziwa hayakutoka. Mganga wa zahanati alimchoma sindano, akasema tungoje. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Maji ya sukari aliyatema.

Kaka, nilikuwa nakoroga uji jikoni niliposikia kilio kimekatika. Nikaingia mbio nikidhani amekufa. Nikamkuta Nyamizi ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, anamnyonyesha. Maziwa ya Masunga yalikuwa hayajakauka. Alikuwa anatokwa na machozi, lakini mkono wake ulimshika yule mtoto vizuri kabisa.

Mzee Sedekia alikuja kesho yake asubuhi na mkewe. Nadhani mkewe alimsukuma. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamwona mjukuu wake yuko kwenye ziwa la nani. Kisha akauliza kama anaweza kuingia awaombee binti yake na mtoto.

Nikamjibu mimi, kabla Mama hajafungua kinywa. "Mtoto huyu naye hajabatizwa, Mzee. Kanisa lina sehemu gani hapa?"

Nyamizi ndiye aliyesema, bila hata kuinua uso. "Mwache aombe. Akimaliza twende kwa Masunga, akaombe na pale."

Akaomba mle ndani, kisha tukaenda, Atuganile akibaki na mama yake. Pale kaburini mzee yule, ambaye sala zake unazikumbuka zilivyokuwa ndefu, alipiga magoti akashindwa kupata neno. Mama akapiga magoti kando yake, akaanza, na yeye akawa anafuata nyuma yake neno kwa neno kama mtoto anayefundishwa. Alipofika kwenye jina la Masunga alilia. Nyamizi alimshika bega.

Na mimi? Sikufumba macho. Nilisimama nikimtazama, na sala ilipokwisha sikuitikia amina. Hilo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi, maana sina mwingine wa kumwambia. Niliona amesamehewa kwa bei rahisi mno. Jioni nilimwambia Mama hivyo hivyo. Nikasema angetakiwa kwanza asimame mbele ya watu wote, amrudishie Mama heshima yake, akae muda tumwone, ndipo tumfikirie.

Mama aliendelea kumenya viazi. Akasema, "Hayo ndiyo aliyomwambia Nyamizi."

Nilitoka nje nikakasirika upya, safari hii na Mama, kwa sababu alisema kweli. Najua ninachotakiwa kufanya, ila moyo haujafika.

Atuganile anapata nafuu na ameanza kunyonyesha mwenyewe. Mzee amesema atazungumza barazani juu ya Mama na Nyamizi. Kama atasema kweli sijui. Mama anasema usije kugombana na wazee kama ulivyoandika. Njoo kutusalimu tu, na wifi akipata flaneli atuletee, mtoto hana nguo za baridi.

Ukiomba, nitaje na mimi. Wabusu watoto, na wifi mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi mdogo wako mwenye hasira,
Tusekile