Mawe Nyuma ya Pikapu

Jumamosi, 22 Machi

Nimeosha gari tena. Nimepanga na mawe nyuma, makubwa chini, madogo juu. Masika yako mlangoni. Mwenye pikapu asiyebeba mawe wakati wa mvua hajui gari. Mawe yanakandamiza nyuma, matairi yanang'ata tope, unapanda. Mbulu nzima inajua. Mimi nilijua kabla sijajua kusoma.

Ndogo lakini dume. Nusu petroli, nusu umeme. Inatoka uani bila mlio, kama paka. Watoto wanaiita Mzuka. Usukani uko kushoto, ilitoka Marekani. Aliyeniuzia ni mtafiti wa ndege, alikuwa anahama kutoka Katesh. Siku ya kunikabidhi alinieleza mambo mengi. Niliitikia kwa kichwa tu. Kiingereza kilikuwa kingi na mimi nilikuwa naangalia viti.

Sokoni nimewaambia inajichaji yenyewe ukikanyaga breki. Hiyo kweli. Nikaongeza kwamba inavuta kwa matairi yote manne. Hiyo sijui. Ila ilisikika vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa dada Yustina alinishika mkono nje ya kanisa. Ni habari ya binti yake Paskalina, aliyeolewa bondeni, Yaeda Chini, kwa Gidahoda, mfugaji. Mimba imekomaa. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari alisema huyu wa pili azaliwe hospitali, huku juu, na mama apande kabla uchungu haujaanza. Akichelewa, kovu linaweza kuachia. Dada alisema hilo neno polepole. Kuachia.

Boay alikuwa karibu. Ana Landkruza mkweche, inatoa moshi kama jiko la kuni. Akasema yeye atashuka kesho asubuhi. Mimi nikasema mbele ya watu wote: "Damu yangu haipandi bati la Boay. Mjomba yupo."

Watu walicheka. Boay naye alicheka. Dada hakucheka. Akauliza, kesho basi? Nikasema kesho nina vitunguu swaumu vya kupeleka Katesh. Jumanne.

Jumatatu, 24 Machi

Katesh. Mlima Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni. Mzigo umeshuka mapema, ningeweza kurudi. Lakini watu walijaa. Nyuma ya gari kuna soketi ya umeme. Nikamwita kinyozi achomeke mashine yake. Amemnyoa mzee mmoja akiwa amekaa juu ya mawe yangu. Sijawahi kuona uso wenye furaha vile. Nikawaambia nimekwenda Dar na kurudi kwa tangi moja na likabaki. Walisadiki.

Jumanne, 25 Machi

Bado Katesh. Nyama choma. Dada kapiga simu sana. Nimemwambia niko njiani.

Jumatano, 26 Machi

Nimerudi Mbulu. Mvua tangu alfajiri, haikati. Dada aliweka khanga na blanketi kwenye kiti cha mbele, akaondoka. Boay kapata mzigo wa saruji, kaenda Babati. Kwa hiyo nimebaki mimi tu.

Kesho nashuka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeshuka. Njia imekuwa mto. Kuteremka gari ilikwenda vizuri, ikachaji mpaka betri ikajaa. Nikaimba. Nilipotazama kwenye kioo cha nyuma nikaona mteremko wenyewe, nikaacha kuimba.

Gidahoda alinipokea na fimbo yake na shuka lake. Shikamoo mjomba. Marahaba. Sijui kusoma uso wake. Paskalina kavimba miguu. Alisema, mjomba, tulikutazamia Jumanne. Hakusema kwa ubaya. Bora angesema kwa ubaya.

Huku chini mtandao umekatika tangu mvua ianze. Mvua ilikuwa inamwaga, tukakubaliana kuondoka kukicha.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Uchungu ulianza kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Tukaondoka. Paskalina kiti cha mbele, Gidahoda nyuma na ndugu zake waliokuja kusukuma. Kwenye tambarare tulikwenda. Tulipofika mlimani, mwanzo tu wa mpando, gari ikazungusha matairi. Ikalia, ikarudi nyuma.

Nikafanya tunavyofanya sote. Nikaagiza mawe zaidi. Wakaokota, wakapakia. Wanaume wote wakapanda nyuma, wakaruka-ruka kukandamiza. Ikawa mbaya zaidi. Pua ya gari ikanyanyuka. Tope likaruka juu ya boneti. Nikapiga kelele waruke kwa nguvu. Wakaruka. Gari ikaserereka, ikajigeuza kando ya korongo. Ikasimama pua ikiwa inatazama bondeni. Kutoka tairi mpaka ukingoni, hatua ya mtoto.

Paskalina alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kimya. Nilidhani kimya cha maumivu. Kumbe alikuwa anatazama.

"Mjomba," akasema, "yanayozunguka ni matairi ya mbele. Mbona watu umewaweka nyuma?"

Nilishuka. Nikatazama. Matairi ya nyuma yalikuwa safi kama ya dukani. Hayakuvuta hata kidogo, siku zote hizo. Nimebeba mawe kukandamiza matairi yasiyofanya kazi. Mwaka mzima ningeyabeba.

Gidahoda aliyatazama pia. Akacheka kidogo, puani. Akasema punda mbishi hupandishwa kwa makalio. Sikujua kama ni methali yao au ananitukana. Lakini nilielewa. Gari ilikuwa tayari imegeuka yenyewe. Tukapakua mawe yote, watu wote chini. Nikatia rivasi.

Ikang'ata. Kwenye mpando uzito hulalia upande wa chini; sasa chini ni mbele, na mbele ndiko kwenye nguvu.

Nimepanda mlima ule kinyumenyume. Kichwa nje ya dirisha, mvua machoni. Kona sikuziona. Gidahoda alitangulia kwa miguu, huko juu nyuma ya gari, akipiga mluzi kama anaita ng'ombe. Mluzi mrefu, njoo. Mifupi miwili, simama. Nikafuata mluzi. Mimi, dereva wa miaka yote hii, nimeongozwa kama ndama.

Halafu betri. Kwenye kioo kilicho mbele ya usukani kuna vijiti vya chaji ya betri, na kumbe rivasi ni ya umeme tu, vikawa vinakatika. Kimoja. Kingine. Injini inanguruma kuilisha, haitoshi. Nguvu ikapungua, gari ikatambaa. Kilipobaki kijiti cha mwisho nikafunga breki pale kona ya mawe mekundu, nikaacha injini iijaze. Kukaa pale ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mtoto wa dada yangu anaugulia pembeni na mimi nasubiri vijiti.

Aliniomba nimsimulie kitu. Kitu chochote, mjomba, kile cha lori. Ni hadithi yangu, eti nilishusha lori lisilo na breki mlima mzima kwa kuimba. Nikaangalia vijiti.

"Najua haikutokea," akasema. "Simulia tu."

Nikasimulia. Alinibana mkono kila uchungu ulipokuja, nikaendelea. Vijiti vikarudi vitatu. Mluzi ukaita.

Huku juu barabara ni ngumu, nikageuza gari na kukimbia. Wamempeleka chumba cha upasuaji mara moja. Daktari aliuliza tangu lini uchungu. Nikamwambia. Akaingia. Dada yupo hapa, upande wa pili wa benchi. Kati yetu kuna blanketi lenye tope.

Naogopa. Naandika tu.

Baadaye. Mtoto wa kiume. Paskalina yuko hai. Daktari alituambia kovu lilikuwa limeanza kuachia. Limeanza. Dada alinitazama aliposikia.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imepumzika. Baada ya misa Boay alinifuata na watu wake. Akauliza, ni kweli umepanda na makalio? Nikasema ndiyo. Wakasubiri. Wanaijua tabia yangu, walishajiweka sawa kusikiliza. Boay akasema, haya, endelea.

Nikasema ingekuwa vizuri zaidi kama angeshuka yeye Jumatatu. Nikaenda zangu.

Mchana nimepita kwa dada. Uani kwake, kutoka jikoni mpaka bombani, ni tope tupu. Kulikuwa na mawe mengine nyumbani kwangu, yale ya akiba. Nikayaleta, nikayapanga moja moja, upande bapa juu. Nimeyakanyaga kuona kama yanacheza. Hayachezi.

Alitoka na ndoo. Akapita juu yake kwenda, akapita juu yake kurudi. Baadaye akaniletea kiti.