Kadi Iliyogandisha Jaribio

Temeke, Ijumaa, 7 Desemba 1973

Palepale tena. Jaribio la kumbukumbu ya kompyuta lilifika nusu, likaganda kama jana na juzi. Mkuu wa ofisi akaja kusimama nyuma yangu, maana matokeo ya darasa la saba yanaisubiri mashine hiyo moja.

“Ndugu Komba, kama imekufa, sema imekufa.”

“Nipe mpaka saa tisa, mkuu.”

Mtaalamu aliyenifundisha alisharudi kwao, sina wa kumuuliza. Nilichomoa kadi mbili za kumbukumbu, vile vibao vya nyaya ndani ya mashine, ya katikati na ya kwanza, nikazibadilishia nafasi. Safari hii jaribio likaganda mwanzoni kabisa. Basi ubovu umehama na kadi, mashine yenyewe ni nzima. Nikaitoa ile mbovu, nikairudisha ya kwanza mahali pake, na jaribio la kumbukumbu iliyobaki likafika mwisho.

Kadi ya akiba hatuna. Hilo linanitisha.

Mkuu alisema, “Haya, endeleeni,” akaenda zake. Nyumbani nikamwambia jirani, Mama Halima, kwamba nimeiponya kompyuta.

“Pole na kazi, shemeji,” akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Mke wangu Anna yuko Songea tangu Juni, anafundisha katika kijiji cha ujamaa. Angekuwepo angeniuliza, “Ulijuaje kama ni kadi?” Nami ningemweleza mpaka chai ipoe.